Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la zahanati, mtoto anaharisha mapajani mwako, na nyumbani umeshampa kitu, kitu chochote, acha kusoma kwanza. Nenda kwa muuguzi umwambie ulichompa na ulimpa mara ngapi. Akikugombeza, mwache agombeze, maana kugombezwa hakuui mtu. Ukimaliza urudi, mimi nitakuwa hapa hapa.

Mimi sikusema. Ndiyo sababu naandika.

Nilizaliwa milimani Mbinga, kwa watu wa kahawa, nikaolewa Mbamba Bay kwa watu wa samaki. Wakwe zangu walianza kunitania siku ile ile ya kwanza, kwamba mtu wa milimani akienda kuoga ziwani huacha mguu mmoja nchi kavu. Nami niliwajibu kwamba afadhali mguu mmoja mkavu kuliko kunywa uji unaonuka usipa, wale dagaa wao wa ziwani. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo tulipatana, na nataka mjue hilo mapema, kwa sababu yanayofuata si habari ya mama mkwe mbaya.

Mume wangu alikuwa karani wa chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia, ushirika ukayumba, naye akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Kila mwenye chumba kinachotazama barabara alitoboa dirisha akaweka meza. Wengine waliuza sabuni na mafuta ya kujipaka, vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipanga foleni. Sisi tuliuza dawa. Tulikuwa na aspirini, klorokwini, bandeji, na kopo kubwa la vidonge vya rangi mbili, vile ambavyo nusu ni nyekundu na nusu ni nyeusi, tukiviuza kimoja kimoja kama pipi. Haukupita mwezi watu wakawa wanamwita Daktari. Hakuwa daktari, alikuwa karani mwenye mwandiko mzuri. Nami nikawa Mama Daktari hata kabla sijazaa, na sitadanganya, jina lile lilinikaa vizuri. Nilisimama nyuma ya meza nikiwaambia watu wakubwa kuliko mimi, "Asubuhi kimoja, jioni kimoja, usiruke."

Mama mkwe naye alikuwa na dawa yake. Alikuwa na chungu cha togwa pembeni ya jiko, uji wa mahindi uliopoa, ukatiwa kimea cha ulezi na kuachwa mpaka uchachuke. Watoto wa nyumba zote za upande wetu wakipata tumbo la kuhara, walipelekwa kwake wakapewa ile ya siku ya pili, chachu, kijiko kwa kijiko, siku nzima. Hakuiita dawa. Alisema tu kwamba tumbo likichafuka linataka kitu kilichochacha.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Kitabu chetu cha sayansi kilikuwa na picha ya vijidudu vyenye meno, na mwalimu alituambia vyote ni adui. Basi binti yetu Edita alipoanza kula uji, nilimwona bibi yake akimkaribia na kikombe, nikasema maneno ambayo hadi leo nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe.

"Mama, huyu asipewe vitu vilivyochacha. Dukani kuna dawa."

"Haya, mwanangu," alisema, akakirudisha kikombe jikoni.

Edita aliugua mvua za kwanza ziliposhuka na mto kuleta tope. Alikuwa ametimiza mwaka, anatembea kwa kushika ukingo wa meza ya duka. Siku ya kwanza alihara mara sita. Nilichukua kidonge kimoja koponi, nikakifungua, nikamwaga nusu ya unga wake kwenye uji. Siku ya tatu tumbo likafunga. Kule kwetu dawa hupimwa hivyo. Ikifunga ni dawa, isipofunga ni maji. Mume wangu alisema, "Umeona?" nami nikasema, "Nimeona."

Baada ya Krismasi kuhara kulirudi. Nikampa tena, kukafunga siku tisa. Kuliporudi mara ya tatu, nusu kidonge haikufunga, nikampa kizima. Kizima hakikufunga, nikampa asubuhi na jioni. Maembe yaliisha sokoni nikiwa bado nafua vitambaa vyake ziwani mara mbili kwa siku, na wanawake waliokuwa wanasugua sufuria walisogea kidogo ili maji yangu yasiwafikie. Sikuwalaumu.

Mwili wake ulibadilika mbele yangu na mimi nikawa nauzoea kila siku, jambo ambalo ndilo la hatari. Utosi ulibonyea. Ngozi ya makalio ililegea ikafanya mikunjo. Nilipoifinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama, ikachelewa kurudi. Kwanza aliacha kutembea, kisha akaacha kusimama, kisha kukaa. Yote aliyojifunza mwaka ule aliyaacha moja moja, kwa mpangilio ule ule alioyapata lakini kinyume chake. Kufikia katikati ya Kwaresima alikuwa analala tu akinifuata kwa macho.

"Tumpeleke hospitali," nilimwambia mume wangu.

"Tutampeleka. Ila watu wataonaje, Daktari kupeleka mtoto wake kwa wengine?"

Msimfikirie vibaya. Alisema hivyo halafu akaenda nyuma ya rafu akalia, nikamsikia. Lakini tulingoja wiki nzima kwa ajili ya watu wataonaje, na nusu ya wiki ile ni yangu, kwa sababu hata mimi nilikuwa Mama Daktari.

Tulipopata lori lililokuwa likipandisha magunia ya usipa, alinipa vidonge kumi. "Huko wanaweza kuwa wameishiwa dawa," alisema, na miaka ile ilikuwa kweli, hospitali nyingi zilikuwa zinaishiwa. Nilivifunga kwenye pindo la kanga. Yeye alibaki na duka. Mama mkwe alisema angenifuata akishapata wa kumwachia kuku.

Hospitali ya misheni ilikuwa milimani, kwa watu wetu, kwenye baridi. Nilifika nimelowa, mtoto nimemfunika kwa turubai la lori. Benchi la kungojea lilijaa mama na watoto wakiwa wametulia kwa namna ambayo watoto wazima hawatulii. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa kijiji cha Kitura, mtoto wake anaitwa Kasto, naye anaharisha. Tulisalimiana Kimatengo, na moyo wangu ukatulia kidogo kusikia lugha ya nyumbani. Alinimegea muhogo wa kuchemsha.

Aliitwa kabla yangu. Meza ya Sista, mtawa aliyepokea wagonjwa, ilikuwa hatua tatu kutoka benchini, na kila neno tulilisikia sote.

"Ameanza lini?"

"Jumapili, Sista."

"Umempa nini nyumbani?"

"Rangi mbili, Sista. Viwili tu. Nilinunua ziwani nilipokwenda kuuza maharage, kwa yule wanayemwita Daktari."

Sista aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke mwenye upendo, baadaye nilimjua, ila alikuwa amechoka na watoto wa namna ile. "Daktari!" alisema kwa sauti, akitugeukia sote. "Sikilizeni, kina mama. Hao wenye maduka hawajui hata kupima mapigo ya moyo. Wanawaulia watoto wenu, na ninyi mnawaita madaktari!"

Benchi zima likaguna. Mama Kasto aliinamisha kichwa, akasimama hapo hapo akisemwa mpaka Sista akamaliza. Kisha nikaitwa.

"Na wewe, umempa nini?"

"Sijampa kitu, Sista."

"Hata kidonge kimoja?"

"Hata kimoja."

"Mmeona?" Sista aliwaambia wale wengine. "Mama huyu ametoka mbali kuliko ninyi wote, na hakumpa mtoto takataka."

Nilisifiwa mbele ya watu, huku vidonge vikiwa vinagusa tumbo langu.

Wodini tulipewa vitanda viwili vinavyofuatana, mimi na Mama Kasto. Kasto, kwa kuwa mama yake alisema, hakupewa kidonge chochote. Alipewa maji ya chumvi na sukari, uji mwepesi, na maziwa ya mgando. Edita, kwa kuwa mama yake hakusema, aliandikiwa dawa ya maji ya kuua vijidudu pamoja na yale maji ya chumvi na sukari. Mimi nilivitazama vyote viwili nikaona ni maji tu. Nimesimama dukani miaka miwili, najua dawa inavyofanana, na vile havikufanana. Kwa hiyo Sista alipogeuka, nilifungua kidonge changu, nikachanganya kwenye kijiko. Asubuhi kimoja, jioni kimoja, usiruke.

Siku ya tatu Kasto aliketi akalilia ugali. Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikaona wivu, kisha nikaona aibu kwa wivu ule. Sista alikuja kwenye kitanda chetu, akafinya ngozi ya Edita, akasoma karatasi yake, akaisoma tena. "Sielewi," alisema. "Huyu angepaswa kuwa ameanza kurudi." Alinitazama usoni. Ilikuwa nafasi, nyeupe kabisa, na Sista mwenyewe ndiye aliyeifungua. Nikasema, "Tumwombe Mungu, Sista."

Mama mkwe alifika siku ya tano, matope hadi magotini. Lori lilikuwa limekwama, akatembea kipande kilichobaki. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Aliniambia tu, "Nenda kaoge, mwanangu. Unanuka safari." Nilivua kanga ya juu nikamwekea kitandani ili amfunike Edita, nikasahau. Sijui nilisahauje. Alipoikung'uta, pindo likafunguka, vidonge vikaanguka kwenye shuka, viwili vilivyobaki.

Hakujua kusoma, ila rangi mbili aliijua. Nani asiyeijua?

"Hivi amekupa Sista?"

"Hapana, Mama."

"Sista anajua?"

Nilipiga magoti pale pale kati ya vitanda viwili, kama mkwe anavyompigia mama mkwe. "Mama, nikisema watauliza mimi ni mke wa nani. Nilishasema sijampa kitu, mbele ya watu wote. Baba Edita atadhalilika. Nakuomba, Mama."

Mama Kasto aligeukia ukutani. Mama mkwe alimtazama mjukuu wake, akamrudisha kifuani kwangu. Akajifunga kanga yake vizuri kama anayekwenda kanisani, akachukua vile vidonge kiganjani, akatembea hadi kwenye meza ya Sista mwisho wa wodi.

"Sista," alisema, kwa Kiswahili chake cha kwenye sala. "Nimekosa. Mjukuu wangu nilimpa hivi. Nyumbani nilimpa, na leo nimekuja navyo tena. Mama yake hajui."

Nilimsikia, na wodi nzima ilimsikia.

Sista alimsema mwanamke mwenye umri wa mama yake. Alisema tumboni mwa mtoto Mungu ameweka vijidudu wema wanaolinda, na vidonge vile havichagui, vinaua mwizi pamoja na mlinzi, halafu nyumba inabaki wazi. Alisema, "Bibi, ningeambiwa siku ya kwanza, hata ile dawa yangu nisingempa." Mama mkwe alisimama mikono imekutana mbele, kama anayengoja komunyo. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani. Ningeweza kusimama. Ni wodi ndogo, hatua kumi na tano labda. Nilikaa.

Sista alipopoa aliuliza, "Kule kwenu mnajua kutengeneza togwa?"

Mama mkwe alitazama sakafu. "Kidogo, Sista."

Aliitengeneza kwenye jiko la wauguzaji, kwa unga aliokopeshwa na mama wa Kitura. Dawa zote zilisimamishwa, ikabaki ile ya chumvi na sukari, na togwa nyepesi, kijiko kwa kijiko. Niliyemkataza ndiye aliyekuwa anamlisha mtoto wangu, na hakuwahi kunitazama kwa jicho la "nilikuambia." Laiti angenitazama hivyo.

Nilipewa siku nne. Nazihesabu bado. Siku ya kwanza kuhara kulipungua. Siku ya pili Edita alishika kidole cha bibi yake akakivuta mdomoni. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi. Tulimwegemeza kwenye mto, naye bibi akaanza, "Mtazameni mtu wa milimani, amefika kwao kwenye baridi amenyamaza!" Edita akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha pua tu, lakini Mama Kasto naye alikisikia, ni shahidi wangu. Siku ya nne, Jumapili, aliinua mwenyewe kichwa watu walipopita na matawi dirishani.

Jumanne ya Wiki Takatifu alipata homa. Pumzi zikawa fupi. Alikufa asubuhi, mhudumu akiwa anapiga deki, na mhudumu yule aliacha ndoo yake akatoka nje kwa kunyata. Sista alikuja akamfumba macho. Nilimuuliza kama ni vile vidonge. Alisema, "Mwili ulikuwa umechoka sana, mama. Mlichelewa." Hakusema ni vidonge, na mimi sisemi kwamba najua. Najua tu kwamba zilikuwepo siku tano ambazo zingeweza kuwa za togwa, na nilizitumia kulinda jina la duka.

Tulimzika Mbamba Bay. Habari ilitutangulia, maana hospitali haina siri na malori yana midomo. Kwenye msiba walishasema kwamba bibi kizee asiyejua kusoma alimpa mtoto vidonge kwa siri. Walisema pole kwa mama yake, msomi, mke wa daktari, aliyemwamini. Wanawake walinikumbatia mimi na kumpita yeye. Baada ya arobaini hakuna aliyeleta tena mtoto mwenye tumbo kwenye chungu chake. Mtoto wa jirani akikaribia mlango wake, aliitwa kwa sauti arudi. Mama mkwe aliendelea kutengeneza togwa kwa mazoea, akainywa mwenyewe, na iliyobaki akawamwagia kuku.

Nilimwambia mume wangu ukweli. Akasema, "Nyamaza. Mama ameshalibeba." Siku iliyofuata lile kopo halikuwepo tena kwenye rafu, na mwaka ule ule tukafunga duka, tukasema biashara imekuwa ngumu. Watu waliendelea kumwita Daktari. Kila walipomwita hivyo aliitikia, kwa kuwa angefanyaje?

Nimezaa wengine wawili, na wamekua. Waliharisha kama watoto wote. Niliwapa maji ya chumvi na sukari, niliwapeleka zahanati kabla jua halijatua mara mbili, nilisema kila kitu nilichowapa hata kama ni ganda la ndizi, na walipoanza kula, bibi yao aliwapa togwa mbele ya watu, nami nikasimama pembeni ili nionekane. Siku hizi mjini wanauza paketi ndogo za unga, wanasema ndani mna vijidudu wema wa tumbo. Nilipoziona mara ya kwanza kwenye rafu, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka la watu. Mama mkwe wangu aliwafuga bure miaka yote.

Sasa amekufa, na mume wangu pia, basi hakuna wa kunikataza. Wa Mbamba Bay mliokuwepo, na watoto wenu, sikieni. Bibi yake Edita hakumpa mjukuu wake kidonge. Hakuwahi kumpa hata kimoja. Ni mimi.

Nilimuuliza mara moja tu, mwaka mmoja kabla hajafa. Tulikuwa tunaanika usipa, sisi wawili peke yetu. Nilisema, "Mama, kwa nini ulisema ni wewe?"

Hakuacha kutandaza. "Wangekufukuza pale," alisema. "Mimi wakinifukuza, ni kizee kimefukuzwa tu. Wewe je? Nani angemnyonyesha mtoto?"

Nilichukua ungo nikajifanya napepeta. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka kabla hatujapanda lori. Kule wodini, kila nilipomweka Edita kifuani mbele ya macho ya bibi yake, nilikuwa nampa titi lisilo na kitu ili asilie. Mama mkwe alibeba jina baya miaka kumi na mbili kwa ajili ya maziwa ambayo hayakuwepo, na hata siku ile, tukiwa wawili tu, sikumwambia.